Mawe ya Mlima wa Kwa Kitonyi

Hakuna lori lililowahi kumshinda Mutunga katika mlima wa Kwa Kitonyi, na kama hujui hilo ni kwa sababu hujakutana naye. Mwenyewe angekuambia kabla hujamaliza kumsalimu. Mlima huo uko kwenye barabara ya kuingia Mukuyuni, lami nyembamba inayopanda kwa kujikunjakunja, na malori yaliyojaa mchanga au maembe hufika katikati yakachoka kabisa. Hapo ndipo Mutunga hupigiwa simu. Huja kwa miguu na begi la spana, ovaroli ambayo zamani ilikuwa ya buluu, na maneno mengi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefanya kazi hiyo, na kwa miaka hiyo yote hakuna dereva aliyeachwa na lori ambalo bado limezima.

Mlima una kanuni yake. Haijaandikwa popote lakini kila dereva anaijua. Lori likizima, tanboi, yule msaidizi wa dereva, huruka upesi na kuweka mawe nyuma ya magurudumu lisirudi nyuma, kisha hukata matawi na kuyatandaza barabarani ili wanaokuja waone kuna shida mbele. Likishapona, dereva hasimami tena. Akisimama kuokota mawe, mzigo utamvuta nyuma na kazi yote itaanza upya. Kwa hivyo huenda moja kwa moja hadi juu, tanboi akining'inia mlangoni na jiwe jingine mkononi, tayari kuruka ikibidi. Anayebaki chini kuondoa mawe na matawi ni fundi. Mutunga alikuwa ameyaondoa mawe hayo mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na hilo pia alikuwa akilisema.

Isipokuwa siku moja, Jumatano ya mwezi wa pili.

Siku hiyo lori lililozima lilikuwa la Hemedi, dereva wa kutoka Mwingi aliyekuwa akibeba maembe ya Mukuyuni kila msimu. Hemedi alikuwa mtu mpole, kofia yake safi hata katikati ya vumbi, na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko cha vijana wengi wa hapo sokoni. Pampu ya dizeli ilikuwa imevuta hewa. Mutunga aliishughulikia kwa saa moja hivi, na ndiyo kwanza alikuwa amefunga boneti simu yake ilipolia. Alikuwa mkewe, Ndunge.

"Baba Kavata, umesikia? Mtoto amechaguliwa! Yeye ndiye mwenyekiti wa ile klabu ya usalama barabarani, shule nzima!"

Kichwa cha Mutunga kilivimba pale pale. Binti yake Kavata, kidato cha tatu, mwenyekiti! Hakuweza kukaa na habari kama hiyo peke yake mlimani na mbuzi wa watu. Hemedi alikuwa ameshawasha lori na linaanza kupanda. Mutunga akasahau umri wake, akasahau magoti yake, akakimbia akadandia mlango wa abiria, akaingia na begi lake. Alikuwa na haraka ya kufika sokoni kujisifu. Na kwa kujisifu huko kwamba mtoto wake amekuwa kiongozi wa usalama barabarani, aliacha mawe matatu makubwa katikati ya barabara.

Saa moja jioni, Kimeu, kijana wa bodaboda anayeimba sauti ya nne kanisani, aliteremka mlima akitoka kumpeleka abiria. Taa yake ilikuwa nzuri na hakuwa na mwendo wa kasi. Alilikwepa jiwe la kwanza, akalikwepa la pili. La tatu lilimrusha mpaka mtaroni na mguu ukavunjika mahali pawili.

Mutunga aliyakumbuka mawe akiwa mezani, mfupa wa nyama mkononi, wakati jirani alipopita akipiga kelele kwamba Kimeu ameumia Kwa Kitonyi. Ile nyama haikushuka. Alfajiri alikwenda akayakuta yamesukumwa kando ya barabara. Aliyajua vizuri, moja lilikuwa bado na doa la dizeli aliyomwaga mwenyewe.

Angesema siku hiyo, mambo yangeisha siku hiyo. Lakini mtu aliyezoea kusifiwa huona aibu kuliko mtu mwingine yeyote. Alisema moyoni kwamba atasema kesho. Kesho yake watu walikuwa wameshapata mwenye makosa: si lori la Hemedi ndilo lililoonekana limezima pale? Si ni mtu wa kupita tu huyo? Wapakiaji wa maembe wakaanza kumkwepa. Akifika, kila mmoja ana shughuli. Wiki ya pili mizigo yake miwili ikapewa dereva mwingine.

Hemedi alipiga simu mara moja tu.

"Fundi, hiyo mawe si wewe huondoa? Si ndio desturi?"

"Halo? Halo, Hemedi? Network ni mbaya huku!" Mutunga alijibu, akakata. Alikuwa amesimama chini ya mnara wa simu.

Hemedi hakupiga tena, na hakumtaja mtu. Mutunga ndiye aliyemfufulia lori mara ngapi! Labda alikuwa akingoja fundi aseme mwenyewe. Jumapili, kanisa zima lilipomwombea Kimeu, Mutunga alisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote, halafu akashindwa kula chakula cha mchana.

Wakati huo Kavata na wenzake walikuwa kazini. Ukiwaona asubuhi, vijana thelathini wamevaa vizibao vya kung'aa, wakiwavusha watoto wa nursery barabarani, mkono mmoja umeinuliwa, na lori la tani ishirini limesimama kimya linangoja, hata kama hukuzaa mmoja wao ungejisikia una mtoto pale. Waliwafuata madereva wa bodaboda stendi kwao, wakawaonyesha namna ya kumfunga abiria kofia ngumu, na mabingwa wale wa mdomo wakasikiliza. Kisha wakapanda Kwa Kitonyi na daftari. Walihesabu mawe yaliyoachwa na malori kuanzia chini hadi juu, wakapata arobaini na moja. Yote waliyabeba wao wenyewe, wakayapaka chokaa na kuyapanga ukingoni mwa barabara. Kwa mara ya kwanza, gari likija usiku, dereva angeona lami inaishia wapi.

Mutunga alikwenda kutazama. Alijificha nyuma ya kichaka cha miiba kama mwizi, akamwona binti yake ameinama, jiwe kubwa amelibana tumboni, viatu vya shule vimejaa chokaa. Moyo wake ulijaa fahari mpaka machozi yakamtoka. Halafu akakumbuka ni mawe ya nani yaliyoianzisha kazi hiyo, akarudi nyumbani bila kujionyesha.

Klabu ilikuwa na jambo moja zaidi. Mwalimu Mbinya, mlezi wao, aliwaambia kwamba zamani Wakamba walikuwa na nyimbo za kukanya, myali, ambamo vijana waliimba makosa ya watu wazima mbele ya watu wote, na jina linatajwa. Aliyetajwa alipaswa kusimama na kusikia. Vijana walipenda habari hiyo kupita kiasi. Wakatunga wimbo wao wa mawe, wauimbe sokoni Mukuyuni siku ya Jumamosi.

"Lakini hatuimbi jina la mtu mpaka tuwe na hakika," Mwalimu Mbinya aliwaonya.

"Tuna hakika, Mwalimu," walisema.

Ijumaa jioni Mutunga alikuwa ameketi nje na sahani ya muthokoi, Ndunge amekwenda kwenye chama cha akina mama, na Kavata anafua sketi yake ya shule huku akifanya mazoezi. Sauti ya mtoto huyo! Alikuwa ameirithi kwa bibi yake, nzito kidogo, isiyo na haraka.

"Gari limeenda, jiwe limebaki, jiwe ni la nani?" aliimba. Kisha akajijibu, "Ni la Hemedi, Hemedi wa Mwingi."

Muthokoi ulimpalia Mutunga. Kavata akaacha karai akaja kumpiga mgongoni.

"Pole, Baba. Kunywa maji."

"Hiyo jina," Mutunga alisema alipopata pumzi. "Hiyo jina mtaimba kesho? Mbele ya soko yote?"

"Ndiyo. Lori lilikuwa lake."

Alimtazama binti yake, mikono yake imejaa povu, uso wake hauna wasiwasi wowote. Kama angenyamaza, kesho sauti hiyo hiyo ingemwangusha mtu asiye na kosa, na Hemedi hangepakia tena hata embe moja Mukuyuni. Na siku moja Kavata angekuja kujua. Kama angesema, jina la kuimbwa kesho lingekuwa lake. Aliiweka sahani chini.

"Lori ni lake," alisema. "Mawe ni yangu."

Kavata hakuelewa. Akamweleza, polepole, akitazama sahani. Akamwambia kanuni ya mlima, ni nani hubaki chini, na ni nani siku hiyo hakubaki. Kavata hakulia. Afadhali angelia. Alikausha mikono kwenye leso, akaingia ndani, akatoka na lile daftari la klabu na kalamu.

"Mawe yalikuwa ngapi?"

"Tatu."

"Mliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu hivi."

"Na ni nini ilikufanya uingie kwa lori, na wewe hurudi na miguu siku zote?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa. "Mama yako alikuwa amenipigia simu."

"Kukuambia nini?"

"Kwamba umechaguliwa mwenyekiti."

Kalamu ilisimama. Kavata alikaa chini kwenye kizingiti, daftari mapajani. Kuku walipita katikati yao.

"Na nyinyi," Mutunga akauliza, si kwa ubishi, alitaka kujua tu, "mbona hamkumuuliza Hemedi mwenyewe? Yeye angewaambia desturi."

Kavata alifungua kurasa za nyuma. "Tuliuliza watu kumi na wanne. Tuliuliza watu wa bodaboda, wapakiaji, hata mama wa chapati." Akafunga daftari. "Yeye hatukumuuliza. Tulikuwa tumeshaamua ni yeye. Si yeye si wa hapa." Alilisema la mwisho kwa sauti ndogo, na sasa ndipo machozi yalipomlengalenga. "Baba, naomba simu yako."

Alimpigia Hemedi pale pale, mbele ya baba yake.

"Fundi!" sauti ya Hemedi ikasikika. "Leo network imepona?"

"Si fundi, ni Kavata, msichana wake. Shikamoo, Mzee Hemedi. Nimepiga kuomba msamaha." Alimweleza yote bila kujitetea, kisha akamwomba afike sokoni kesho. Hemedi akasema atakuja, Mungu akipenda, na kwamba amsalimie babake. Mutunga alisikia salamu hizo akatamani ardhi ipasuke.

"Nitaambia Mwalimu mtu mwingine aimbe," Kavata alisema baada ya kukata simu. "Mimi siwezi kukuimba, Baba."

"Nani mwingine ana sauti kama yako?"

"Hakuna."

"Basi imba wewe. Mwingine akiimba, watu watasema mliogopa fundi. Hiyo kazi yenu yote, ile mawe mmebeba, itakuwa bure." Aliinua sahani, akaona hana hamu, akaiweka chini tena. "Mimi nitakuja nisimame. Nitavaa koti."

Jumamosi soko lilijaa. Maembe marundo marundo, mbuzi wamefungwa kwenye nguzo, wanunuzi waliotoka mpaka Makindu wakipatana bei. Wanafunzi walifanya duara mbele ya mahali pa kupakia, vizibao vyao viking'aa. Kimeu aliletewa kiti, mguu wake umenyooshwa kwenye plasta na magongo yake kando. Hemedi alisimama peke yake karibu na lori lake tupu. Mutunga alikuja na koti la Jumapili, Ndunge ubavuni, amemshika mkono kwa nguvu isiyo ya kawaida, kwani alikuwa ameambiwa yote usiku ule ule na hakuwa amelala.

Ngoma ilianza. Wanafunzi walicheza mabega kama wazee wao walivyocheza, na watu wakapiga makofi. Waliimba mawe arobaini na moja. Waliimba matawi yanayooza barabarani. Waliimba abiria watatu kwenye pikipiki moja, na watu wakacheka wakisukumana, kila mtu akimwonyesha mwenzake. Kisha ngoma ikashuka, Kavata akasonga katikati.

"Gari limeenda, jiwe limebaki, jiwe ni la nani?"

"Jiwe ni la nani?" wenzake wakaitikia.

Hapo palitakiwa jina. Kavata alifungua mdomo, na jina halikutoka. Waitikiaji, kwa kuwa walikuwa watoto wenye akili, wakarudia kiitikio. Akajaribu tena. Wakarudia mara ya tatu, na mara hii sokoni kukawa na manung'uniko, kisha mpakiaji mmoja nyuma akapaza sauti, "Ni la Hemedi!" Mwingine akadakia, "La Hemedi!" Na punde soko likaanza kuimba jina hilo lenyewe, kwa furaha, wanafunzi, ambao Kavata alikuwa amewaambia ukweli asubuhi, wakitikisa vichwa kukataa na hakuna anayewasikia. Hemedi alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

Mutunga aliuachia mkono wa mkewe. Njia ya kutoka pale hadi katikati ya duara ilikuwa hatua ishirini hivi, na magoti yake yalihesabu kila moja. Watu walimpisha wakidhani anakwenda kumtoa binti yake aibuni, mzazi mwema. Alifika, akasimama mbele yake, mikono imening'inia. Aliinamisha kichwa mara moja tu, kama anavyomwashiria dereva kwamba lori liko tayari, awashe.

Na Kavata akaimba.

"Ni la Mutunga," aliimba, na sauti ikapanda juu ya kelele zote mpaka kelele zikafa. "Mutunga fundi. Mutunga wa Kwa Kitonyi." Wenzake wakaitikia kila jina, taratibu, kama desturi inavyotaka. Kisha akaongeza maneno ambayo hayakuwa kwenye mazoezi. "Mutunga, baba yangu."

Waitikiaji walisita, kisha wakaitikia na hilo pia.

Kisha Kavata akamwimba Hemedi. Aliimba kwamba walimhukumu bila kumuuliza, na kwamba wenye kosa hilo ni wanafunzi wa klabu, na wa kwanza wao ni mwenyekiti. Alijitaja mwenyewe, jina la ubatizo na la nyumbani. Hemedi alirudisha kofia kichwani kwa kuchelewa, akijifanya anaipangusa vumbi. Yule mpakiaji wa nyuma alikuwa akitazama viatu vyake.

Mutunga alisimama mpaka mwisho wa ubeti, jasho jembamba likimtiririka ndani ya koti. Alikuwa ameogopa kwamba aibu ingemuua, na ilimuuma kweli, hakuna haja ya kudanganya. Lakini juu ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichomjaa kifuani, ambacho hakukitarajia hata kidogo. Miaka kumi na tisa alikuwa amejisifu kwa malori. Hakuna lori hata moja lililowahi kumfanya ajione mkubwa kama alivyojiona sasa, akitajwa kosa lake na mtoto aliyemlea asiogope.

Alipotoka katikati alipita mbele ya kiti cha Kimeu. "Kimeu, ndugu yangu, ni mimi. Nisamehe."

Kimeu alishika gongo lake. "Tutaongea, Fundi," alisema. "Uje nyumbani. Lakini leo nimefurahi umesimama." Mutunga hakumwomba zaidi.

Alikwenda akasimama kando ya Hemedi, karibu na lori. Wapakiaji wawili walikuwa wameshaanza kubeba makreti kuelekea huko, bila kuitwa. Hemedi hakumtazama, alisogea tu kumpa nafasi kivulini.

Mama mmoja mnunuzi, mgeni, ambaye bila shaka alikuwa amefika muda huo huo tu, alimgusa Mutunga kiwiko.

"Ati, huyo msichana wa hiyo sauti ni wa nani?" aliuliza. "Nimesikia anaimba Mutunga fulani vibaya sana. Huyo hana woga! Wazazi wake ni watu gani?"

"Ni wangu, mwaitu," Mutunga alisema. "Na huyo Mutunga ni mimi."

Mama yule alimtazama kuanzia koti hadi viatu, mdomo wazi, akitaka kuuliza mengi. Mutunga akamwomba kwa adabu anyamaze kidogo, kwa sababu ubeti mwingine ulikuwa umeanza na hakutaka kukosa neno hata moja.